RIMOTI YA GARI IKIKATAA: TUANZE WAPI?

Katika jarida letu tumezoea kusoma habari za michezo, za shamba la shule, na za safari za kwenda Ziwa Ngozi na Daraja la Mungu. Leo naomba nafasi niwaeleze habari za kitu kidogo kinachoenea katika kiganja cha mkono, lakini kikiharibika saa mbaya chaweza kuwatia watu wazima katika taabu kubwa. Kitu hicho ni rimoti ya gari.

Huenda wengine wakasema, "Sisi wanafunzi hatuna magari, habari hizi zatuhusu nini?" Jibu langu ni kwamba baba zetu, mama zetu na wajomba zetu wanayo, au huyakodi wapatapo shida. Barabara yetu kuu, itokayo Uyole na kupita Kiwira na Tukuyu hata Kyela na mpakani Kasumulu, hupitwa na magari madogo mengi, na mengi katika hayo yalitumika kwanza Japani kabla ya kuletwa kwetu kwa meli. Mara nyingi gari hufika likiwa na rimoti, bali kitabu cha kueleza matumizi yake, kama kimo, kimeandikwa Kijapani. Basi mwenye gari hujifunza kwa kubahatisha, mpaka siku ya shida.

YALIYOTUPATA

Siku yetu ya shida ilikuwa mwezi wa Desemba mwaka jana, nilipokuwa nyumbani kwa likizo. Kwetu ni kijijini, upande wa Masoko. Usiku mmoja, mvua ikinyesha kwa nguvu, Bibi alibanwa na pumu hata akawa hawezi kulala wala kuketi. Mjomba alikuwa na gari lake dogo, ambalo alikuwa angali akililipia deni. Alikimbia uani, akabonyeza rimoti ili afungue milango. Kimya. Akabonyeza tena na tena, akaifuta kwa shati, akaipulizia. Kimya vile vile. Majirani wakaja. Mmoja akashauri tuvunje kioo, mwingine akasema tulisukume, ingawa milango ilikuwa imefungwa na gari lenyewe si la kuwashwa kwa kusukumwa.

Mwishoni Bibi alipakiwa kwenye pikipiki, katikati ya dereva na Mjomba, amezungushiwa blanketi na juu yake nailoni. Walikwenda polepole kwa utelezi hata hospitali mjini Tukuyu. Twamshukuru Mungu, alipewa hewa ya oksijeni na dawa, akapona. Lakini wakati wote ule gari lilikuwa limesimama uani, zima kabisa.

Asubuhi alikuja fundi mmoja. Alilitazama gari kwa muda mfupi, akasema kwamba sanduku la umeme linalotawala kufuli na injini limeungua, akataka shilingi 450,000. Mjomba hakuwa na fedha hizo. Alianza kutafuta mnunuzi wa mtamba wake. Kwa bahati njema, kabla mtamba hajauzwa, alipita mzee mmoja aliyepata kuwa fundi umeme wa magari. Mzee huyo hakugusa gari. Aliomba rimoti, akauliza, "Mjomba, ufunguo wa chuma uko wapi?" Mjomba akajibu kwamba gari lake halina ufunguo wa chuma, huwashwa kwa kitufe tu. Mzee akasukuma kijino kidogo ubavuni mwa rimoti, akavuta, na ufunguo wa chuma ukatoka ndani yake kama kisu kutoka alani. Kwa ufunguo huo akafungua mlango wa dereva. Kisha akaishikiza rimoti ile ile kwenye kitufe cha kuwashia, akamwambia Mjomba akanyage breki na kubonyeza. Injini ikawaka.

Kilichokuwa kimekwisha ni betri ndogo ya rimoti. Tulinunua nyingine mjini kwa shilingi 2,000.

Tangu siku hiyo nilitaka kujua jambo hili kwa undani. Niliuliza mafundi, nikamwuliza mwalimu wetu wa Fizikia, na nikasoma. Haya ndiyo niliyoyapata.

RIMOTI MOJA, KAZI MBILI

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba ndani ya ganda moja la rimoti mna watumishi wawili, na kila mmoja ana kazi yake.

Mtumishi wa kwanza ni wa milango. Ukibonyeza kitufe, yeye hutuma mawimbi ya redio, na gari likiyapokea hufungua au hufunga kufuli. Kazi hii yahitaji nguvu, na nguvu hiyo hutoka katika betri ndogo iliyo duara kama sarafu. Betri ikichoka, mtumishi huyu hulala.

Mtumishi wa pili ni wa injini. Huyu ni chipu ndogo sana, na hushirikiana na mlinzi aliyemo ndani ya gari, ambaye mafundi humwita imobilaiza. Kazi ya imobilaiza ni kuizuia injini isiwake mpaka ipate namba ya siri iliyomo katika chipu. Mwizi akichonga ufunguo wa chuma unaofanana kabisa na wako, ataweza kufungua mlango, lakini injini haitamtii.

Na hapa ndipo penye ajabu: mtumishi wa pili hahitaji betri. Sisi wa Kidato cha Nne twasoma jinsi Michael Faraday wa Uingereza alivyoonyesha mwaka 1831 kwamba usumaku unaobadilika huzaa umeme katika koili ya waya. Somo hilo ndilo lililomo katika ufunguo wa gari. Karibu na tundu la ufunguo, au karibu na kitufe cha kuwashia, pana koili. Koili hiyo hutoa usumaku unaobadilika kwa haraka sana, katika magari mengi mara 125,000 hivi kwa sekunde. Ndani ya rimoti mna koili nyingine ndogo. Ikisogezwa karibu, umeme kidogo huzaliwa ndani yake, chipu huamka na kujibu kwa namba yake. Gari likiitambua namba hiyo, huruhusu injini kuwaka. Ndiyo maana mzee aliishikiza rimoti kwenye kitufe: koili hizi husikilizana zikiwa karibu tu, si kwa mbali.

Walinzi hawa hawakuanza zamani sana. Katika nchi za Umoja wa Ulaya ilikuwa lazima kila gari jipya dogo liwe na imobilaiza tangu mwaka 1998. Australia ikafuata mwaka 2001, na Kanada mwaka 2007. Lakini si kila gari kuukuu liletwalo kwetu lina mlinzi huyo. Magari mengine yana mtumishi wa milango peke yake. Tena yako magari ambayo mwenyewe amewekewa alamu na mafundi wa hapa hapa nchini. Hayo nitayaeleza mbele.

NAMBA ISIYORUDIWA

Huenda msomaji akauliza: kama rimoti hutuma namba hewani, je, mwizi hawezi kuinasa na kuituma tena? Zamani aliweza. Kwa hiyo watengenezaji walibuni mtindo wa namba zinazobadilika. Kila ubonyezapo, rimoti hutuma namba mpya, na gari hujua ni namba ipi inayofuata. Namba iliyokwisha kutumika haipokewi tena.

Yafaa tujue kwamba mtindo mmoja mashuhuri wa namna hiyo, uitwao KeeLoq, ulibuniwa hapa hapa Afrika. Ulitokea Afrika Kusini katikati ya miaka ya 1980, katika kampuni ya Nanoteq, na mwaka 1995 ulinunuliwa na kampuni ya Microchip ya Marekani. Wataalamu walikuja kuonyesha, tangu mwaka 2007, kwamba hata siri yake yaweza kuvunjwa, na magari mapya hutumia siri zilizo ngumu zaidi. Hata hivyo kanuni ya namba inayosonga mbele ingali ile ile.

Kanuni hii yaeleza tatizo moja litokealo nyumbani. Mtoto akiichezea rimoti sebuleni, akabonyeza mara nyingi gari likiwa mbali, rimoti husonga mbele na gari hubaki nyuma. Katika mtindo wa KeeLoq gari huvumilia tofauti ya mibonyezo 16 hivi. Ikizidi hapo, hutaka kusikia mibonyezo miwili iliyofuatana ndipo lisadiki. Kwa hiyo ukiona kimya, usikate tamaa kwa ubonyezo mmoja. Simama karibu na gari ubonyeze mara mbili au tatu kwa utaratibu.

USIKU WA HARAKA

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Nimeigawa sehemu mbili, kwa sababu mtu mwenye mgonjwa mlangoni hatafuti ugonjwa wa rimoti. Atafuta njia ya kuondoka. Kama ni usiku wa haraka, afanye hivi:

Kwanza, atoe ufunguo wa chuma uliofichwa ndani ya rimoti na kufungua mlango wa dereva. Katika magari mengine tundu la ufunguo limefunikwa na kifuniko kidogo penye mkono wa mlango. Huenda king'ora kikalia. Asiogope, kwa kawaida hunyamaza gari likikubali ufunguo.

Pili, kama gari ni la kitufe, akanyage breki, aishikize rimoti kwenye kitufe, kisha abonyeze. Katika magari mengi ya Toyota upande wa rimoti wenye nembo ndio unaogusishwa kwenye kitufe. Mlio mfupi husikika, na hapo hubonyezwa. Aina nyingine zina kijishimo maalumu cha kutia rimoti. Kama gari ni la kuzungusha ufunguo, auzungushe kama kawaida, maana chipu haitegemei betri. Funguo nyingine zenye chipu zisikae pamoja naye katika pete moja, kwa kuwa zaweza kuuchanganya mlinzi.

Tatu, kama taa za ndani na za dashibodi haziwaki, au zawaka kwa unyonge, basi ugonjwa si wa rimoti bali wa betri kubwa ya gari. Hapo dawa ni kubusti kwa gari jingine.

Nne, asipoteze muda kulisukuma gari ambalo mlinzi wake amekataa. Imobilaiza haijali kama injini yazungushwa na staa au na watu kumi.

ASUBUHI YA UTULIVU

Kukikucha, twaweza kutafuta chanzo kwa utaratibu, tukianza na kilicho karibu na cha bei ndogo.

1. Rimoti ya akiba. Kama ipo, ijaribiwe. Ikifanya kazi, gari ni zima na ubovu umo katika rimoti ya kwanza. Zote mbili zikikataa, yaelekea ubovu umo katika gari. Jaribio hili ni la bure, nalo lagawa kazi nusu kwa nusu.

2. Kitaa cha rimoti. Rimoti nyingi zina kitaa kidogo kinachomweka ukibonyeza. Kikiwa hafifu au hakiwaki, ushuku betri. Dalili nyingine ni kwamba kwa siku kadhaa ulilazimika kusogea karibu zaidi na zaidi kabla gari halijatii. Mjomba alikiri baadaye kwamba aliiona dalili hiyo kwa mwezi mzima.

3. Betri. Namba iliyoandikwa juu yake si ya bahati nasibu. Katika CR2032, namba 20 ni upana wa milimita 20, na 32 ni unene wa milimita 3.2. CR2016 ina upana ule ule, lakini unene wake ni milimita 1.6 tu, ukiitia mahali pa ile nene italegea. Betri mpya huwa na volti 3 au zaidi kidogo. Tulipofungua shule niliileta betri ya Mjomba maabara, na voltimita ikaonyesha volti 2.4. Unapotia mpya, angalia upande wa chanya, wala usiguseguse sura zake kwa vidole vyenye mafuta. Rimoti nyingi hazisahau namba zake kwa kubadilishiwa betri.

4. Unyevu na uchafu. Tukuyu hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na rimoti zetu hukaa katika mifuko ya makoti yenye maji. Rimoti iliyolowa ifunguliwe, betri itolewe, na vipande vikaushwe kivulini, si jikoni juu ya moto. Vibati vinavyogusa betri vikiwa na kutu ya kijani, visuguliwe taratibu kwa kifutio cha penseli.

5. Mahali. Mawimbi ya rimoti ni manyonge, nayo huweza kufunikwa na mawimbi mengine yenye nguvu, kama karibu na minara ya redio au ya simu. Ikiwa rimoti yakataa mahali pamoja tu na kutii kwingine, haina ubovu.

6. Mlango usiofungika. Baadhi ya magari hayakubali kujifunga mlango mmoja ukiwa wazi kidogo, au ufunguo ukiwa umesahauliwa ndani. Tazama milango yote na buti.

7. Kitaa chekundu cha dashibodi. Magari mengi yenye imobilaiza yana kitaa chenye picha ya gari na kufuli au ufunguo. Kwa kawaida humweka gari likiwa limefungwa, na huzimika ufunguo ukitambuliwa. Kikiendelea kumweka na injini haiwaki, mlinzi hajaitambua chipu. Hii ni kazi ya fundi mwenye mashine ya kusoma namba. Lakini kitaa kikizimika vizuri na injini bado haiwaki, tafuta ubovu kwingine: fyuzi, petroli au staa.

ALAMU ZILIZOFUNGWA BAADAYE

Magari yaliyowekewa alamu na mafundi wetu yana sanduku dogo lililofichwa chini ya dashibodi, na waya zake hukata umeme wa staa au wa pampu ya mafuta. Likiharibika, injini hukataa hata kama ufunguo ni mzima. Mara nyingi alamu hizo zina swichi ndogo ya siri ya kuzipumzisha. Kwa hiyo, siku ya kufungiwa alamu mwambie fundi akuonyeshe swichi hiyo kwa macho yako, ukaibonyeze mwenyewe mbele yake. Ukingoja mpaka fundi ahamie Mbeya, utaitafuta kwa tochi.

MAONYO MATATU

La kwanza ni la watoto. Betri hizi za sarafu zang'aa na kupendeza, na mtoto mdogo huweza kuimeza. Ikikwama kooni, umeme wake huunguza nyama kwa muda wa saa mbili tu. Betri kuukuu isitupwe uani. Na mtoto akidhaniwa amemeza, apelekwe hospitali mara moja, bila kungoja aumwe.

La pili ni la rimoti za kununua. Maganda hufanana, lakini sauti si moja. Magari yaliyotengenezewa Japani hutumia mawimbi ya megahezi 312 hata 315 hivi, na yale ya Ulaya aghalabu 433. Rimoti ya mawimbi mengine haitasikiwa na gari lako hata ukibonyeza mchana kutwa.

La tatu ni la wanunuzi. Anunuaye gari adai funguo zote mbili. Aliyebaki na ufunguo mmoja atengeneze wa pili ungali ule wa kwanza u mzima, maana zote zikipotea gharama huwa kubwa zaidi. Aende kwa fundi anayejulikana, akiwa na kadi ya gari. Fundi anayekubali kutengeneza ufunguo bila kuuliza kadi atamtengenezea na mwizi vile vile.

MWISHO

Simlaumu fundi yule wa kwanza kwa ubaya. Huenda naye hakufundishwa. Lakini aliianza kazi kutoka mwisho. Alikwenda kwenye kitu cha shilingi 450,000 kabla ya kutazama cha shilingi 2,000. Mganga mzuri humwuliza mgonjwa maswali kwanza, kisha humpima joto, ndipo afikirie kisu. Vivyo hivyo katika mashine, na nadhani hata katika hesabu zetu za darasani: hatua ndogo ziangaliwe kwanza.

Naomba kila mwanafunzi atakayekwenda nyumbani likizo hii aombe rimoti ya gari la jamaa au jirani, atafute ufunguo wa chuma uliomo, na amwonyeshe mwenyewe. Ni kazi ya dakika moja. Kwetu, betri ya akiba sasa hukaa katika kopo la chai juu ya kabati, mbali na watoto, na mtamba wa Mjomba amekwisha kuzaa.

Bibi alipoelezwa mambo yote haya, aliishika rimoti, akaitoa na kuirudisha ile chuma mara tatu, akasema, "Kumbe usiku ule mlikuwa mmeushika mkononi." Hakuna aliyemjibu.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne